Kisanduku Kinachojiamsha

Juzi, katika duka moja katikati ya jiji, nilimkuta mama mwenye hoteli mtaani Kangemi akichagua kisanduku cha kuendesha skrini ya menyu. Muuzaji alikuwa amemwekea menyu yake kwenye visanduku vitatu, akisifu rangi na kasi. Ghafla mama akachomoa ukutani waya wa umeme wa vyote vitatu.

"Mathe, unaharibu!" muuzaji akapiga kelele.

"Siharibu. Mimi ni stima ya Kangemi. Napotea, narudi."

Akarudisha waya. Cha kwanza kikaomba nenosiri. Cha pili kikauliza lugha. Cha tatu kikawaka chenyewe: CHAPATI MOTO.

Duka zima tukapiga makofi.

"Nipe hiki," akasema. "Kinaamka bila kuamshwa. Hata mzee wangu hajafika hapo."

Mimi nilicheka kidogo tu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeamshwa mara tatu.