Sauti ya Mwalimu Imebakiza Vipindi Vinne

Saa mbili asubuhi, mlango wa darasa umefungwa ili kelele za uwanjani zisiingie. Juu ya meza ya mwalimu kuna kompyuta moja na spika mbili nyeusi.

"Hamjambo?" inauliza sauti nzito ya mwanamume, yenye mikwaruzo.

"Hatujambo, mwalimu," wanafunzi wanaitikia, macho yao kwenye spika.

Mwenye sauti amesimama ubaoni, chaki mkononi. Hasemi neno. Shingoni amefunga kitambaa cheupe, nacho kinapanda na kushuka kila anapovuta pumzi.

"Leo tunaingia kwenye pembetatu," sauti inaendelea. "Chora mstari, uupe jina. Upesi, mwenzenu nazeeka hapa."

Mwalimu anachora. Sauti imeshafika kwenye pembe ya pili, mkono wake bado uko kwenye ya kwanza. Anabonyeza rimoti, sauti inanyamaza. Anamalizia mstari, anapangusa jasho, anabonyeza tena.

"Yule wa kwenye kompyuta ananikimbiza," anaandika baadaye kwenye simu yake, njia anayotumia kuzungumza na watu siku hizi. "Yeye alijiona mzima."

Ni mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari. Mwaka jana madaktari walimwondolea sehemu ya koo inayotoa sauti, baada ya kukuta saratani imeshaota mizizi. Sasa anapumua kupitia tundu lililo chini ya kitambaa kile. Hawezi kuita jina la mwanafunzi wala kumkemea anayepiga soga. Anachoweza ni kuandika, kuonyesha kwa kidole na kubonyeza rimoti.

Zamani wanafunzi walimwita Redio, kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno. Siku hizi wanamwita Rimoti. Analijua jina hilo. "Nimeshushwa cheo," anaandika, na mabega yake yanatikisika. Ndivyo anavyocheka sasa.

Masomo hayo aliyarekodi mwenyewe kabla hajajua kwamba anaumwa. Shule ilipopata kompyuta, walimu waliombwa waweke masomo humo ili mwanafunzi aliyekosa kipindi ayafuate. Wengi walikwepa. Yeye alibaki kila jioni baada ya masomo, akaanza na mada ya kwanza ya mwaka, akawa anasonga mbele.

"Nilimcheka sana," anasema mwalimu wa historia, rafiki yake wa miaka mingi. "Nikamwambia, bwana, unajichimbia shimo, hiyo mashine itakula kazi yako. Kumbe ndiyo iliyokuja kumlisha."

Kuyasikiliza masomo hayo kwa mfuatano si jambo jepesi. Kwenye mada za mwanzo sauti ni safi, inatania, inapandisha na kushusha. Kufikia milinganyo, imeanza kukwaruza. "Samahanini, vumbi la chaki," inasema, na kukohoa. Kwenye pembetatu, kila sentensi inavutwa kama mzigo. Darasa zima linasikia ugonjwa unavyokua, siku kwa siku, na mgonjwa mwenyewe amesimama mbele yao akiandika ubaoni.

Msichana mmoja wa dawati la mbele anasema wamezoea, ila si kila kitu. "Akianza kukohoa kwenye spika, sisi tunainamia daftari. Hatutaki atuone tunamwangalia."

Wiki hii mwanafunzi mmoja aliyekuwa akirudia maswali ya milinganyo alinyoosha mkono. "Mwalimu, mbona tatu imevuka upande wa pili ikawa hasi?" Rimoti ikabonyezwa. Darasa likasubiri chaki imalize kuandika: *Haijavuka. Tumetoa tatu pande zote mbili.* Jibu ambalo zamani lingetoka kwa pumzi moja lilichukua muda mrefu, na nyuma kabisa kijana mmoja akapiga miayo kwa sauti.

Rekodi zilizobaki ni za vipindi vinne tu. Baada ya pembetatu hakuna kitu. Mada mbili za mwisho wa mwaka, takwimu na uwezekano, hakuwahi kuzirekodi, kwa kuwa ndipo alipolazwa.

Mkuu wa shule alimpokea kazini kwa sharti moja. Atafundisha maadamu rekodi zipo. Zikiisha, apelekwe stoo ya vitabu.

"Msinione mbaya," anasema mama huyo, akivua miwani na kuifuta kwa ncha ya mtandio. "Wazazi wanakuja hapa wananiuliza, mwalimu bubu anafundishaje hesabu? Na mtihani wa taifa haumwonei mtu huruma. Mimi ningewajibu nini?"

Mwalimu hakubishana. Alirudi nyumbani akaandika kipindi kizima cha takwimu kwenye karatasi, neno kwa neno kama ambavyo angekisema, kisha akamkabidhi mke wake.

Mkewe ni fundi cherehani. Aliishia darasa la saba. "Mimi na hesabu tuliachana zamani, tena kwa ubaya," anasema. "Nikamwambia, baba watoto, huoni watu waliosoma? Mwombe hata shemeji wa historia. Akaandika, 'Yule atasimulia vita.' Basi, nikakosa pa kukimbilia."

Wanarekodi chumbani. Godoro wanalisimamisha dirishani kuzuia kelele za barabarani, cherehani inafunikwa, kuku wa jirani anafukuzwa kwa maganda ya machungwa. Kabla ya kuanza, mke anasali kwa sauti na mume anafumba macho.

Mke anasema kwamba kwa wiki nyingi baada ya upasuaji mumewe aliacha kusali. Aliona aibu kupiga magoti bila neno. "Nikamwambia, Mungu hahitaji spika. Akaniangalia sana. Siku iliyofuata nikamkuta amepiga magoti pembeni ya kitanda."

Kipindi cha kwanza cha majaribio kilichezwa darasani wiki iliyopita, mkuu wa shule akiwa ameketi dawati la nyuma.

"Hamjambo?" spika zikauliza, kwa sauti ya kike yenye woga.

Wanafunzi wakatazamana. Kisha yule msichana wa mbele akajibu polepole, "Hatujambo... mama." Kicheko cha kwanza kikapita.

Cha pili kilikuwa kikubwa zaidi. Mwalimu alikuwa ameandika maelekezo katikati ya somo, ndani ya mabano, ili mkewe ajue pa kutulia. Naye, kwa uaminifu wake wote, akayasoma na hayo.

"Jumlisha alama zote, kisha gawanya kwa idadi ya wanafunzi," spika zikasema. "Mabano. Nyamaza kidogo, waandike. Usiende mbio kama unavyokwendaga. Funga mabano."

Darasa lilipasuka. Kuna waliopiga madawati. Ubaoni, mabega ya mwalimu yalitikisika mpaka chaki ikamponyoka. Kisha, kelele zilipopungua, wote wakainama na kuandika, maana somo lilikuwa bado linaendelea.

"Nilitaka ardhi inimeze," anasema mkewe. "Nikamwambia, si ungenieleza kwamba hayo si ya kusoma? Akaandika, 'Kwa mdomo gani?'"

Mkuu wa shule hakucheka. Alikusanya daftari, akazipitia moja moja ofisini kwake. "Wamekokotoa wastani, wengi sawasawa," anasema. "Lakini kipindi kimoja si mada nzima. Nimempa hadi mtihani wa mwisho wa muhula. Takwimu zikieleweka, atabaki. Zisipoeleweka, anajua pa kwenda."

Kuna jambo jingine, na mke ndiye anayelitaja, baada ya mumewe kuitikia kwa kichwa kuruhusu liandikwe. Vipimo vya mwezi uliopita vimeonyesha uvimbe mwingine, chini ya kovu. Shule ikifungwa, anarudi kitandani hospitalini. Daktari hakuahidi kitu.

Kwa hiyo hawarekodi takwimu peke yake. Wanataka kumaliza na uwezekano pia, mpaka kipindi cha mwisho cha mwaka, kabla ya siku ya hospitali. Akibaki darasani, awe na cha kubonyezea rimoti. Asiporudi, atakayeshika nafasi yake akute somo halijakatika.

"Sikuomba nirudishiwe sauti," anaandika. "Nimeomba nimalize mada."

Jumamosi alasiri, godoro liko dirishani. Mabano yote kwenye karatasi yamekatwa kwa wino mwekundu. Mke ameketi mbele ya kompyuta, amejifuta jasho, amekohoa kidogo kusafisha koo. Mume amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kiganja kimefunika kitambaa cha shingoni ili pumzi yake isisikike kwenye rekodi. Kwa mkono wa pili anabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Hamjambo?" anauliza mke, na kutulia, kama alivyofundishwa.

Kwenye ukingo wa kitanda, midomo inacheza bila sauti, na mtu aliyekaa karibu anaweza kuisoma bila shida.

Hatujambo, mwalimu.