Kidole na Parashoki

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu parashoki ya mteja. Parashoki ni ile plastiki ya mbele ya gari, na kwa barabara zetu za Goma zenye mawe ya volkeno, haikosi mikwaruzo. Shefu wa atelie, gereji yetu ya mtaa wa Mapendo, aliniambia niisugue mpaka mikwaruzo iishe. Nami nikachukua jiwe la lava, lile lenye vitundu tunalosugulia miguu, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Nilidhani nitasifiwa.

«Weye! Hii ni plastiki, haiko kisigino ya mama yako!»

Gereji nzima ilicheka. Shefu hakunifukuza. Alinipa msasa na ndoo ya maji ya sabuni, akasema nitaimaliza mwenyewe.

Ilinichukua siku tatu. Unajaza mastiki, ule uji unaokauka ukawa mgumu, halafu unasugua kwa msasa laini uliolowa, polepole, maana plastiki ikipata moto hutoa manyoya na unaanza upya. Kabla ya rangi, shefu alikuja.

«Funga macho, pitisha kidole. Macho inadanganyaka, kidole hapana.»

Rangi haifichi mkwaruzo, huutangaza.

Kidole hicho kilinilisha miaka mingi, kwa shefu huyo, kisha kwenye gereji ya barabara ya Kibati, ambako mkubwa wetu alikuwa na haraka kila siku ya Mungu. Kufunika pua tusivute vumbi la msasa hatukujua. Nimechoka, siwafichi. Mgongo umekwisha na kifua kinakoroma.

Juzi binti yangu Furaha, muuguzi, alikwaruza parashoki ya gari lake la kwanza kwenye ukuta wa mawe.

«Papa, tengeneza weye mwenyewe. Sitaki mutu mwingine.»

Nikakaa uani, nikafanya yote kama zamani. Nikafunga macho, nikapitisha kidole. Sikusikia kitu. Niliogopa, kwa sababu sikujua kama kilichokwisha ni mkwaruzo au ni kidole changu. Nikamwita.

Furaha akapitisha chake. Akakipitisha tena.

«Iko laini, papa. Iko muzuri sana.»

Nikapaka rangi. Asubuhi jua lilipopiga, mkwaruzo ulikuwa pale pale, kutoka taa hadi taa. Furaha aliuona, nami nilimwona akiuona. Akanishukuru kwa mikono miwili, akaenda kazini.

Watu huniuliza nilistaafu lini. Gereji niliiacha zamani. Kustaafu, nilistaafu asubuhi ile, uani kwangu, ndoo ya sabuni ikiwa bado imejaa.