Vidole vya Mpira kwa Viazi vya Mudende

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa nachagua viazi kule Mudende, nikijisifu kwamba mkono wangu ni chuma. Nilikamata viazi vinne vinne, nikavibana, nikavitupa guniani. Mukecuru aliyetusimamia, bibi mwenye ulimi mkali, akachukua kiazi nilichokishika siku mbili kabla, akakikata. Ngozi ilikuwa nzima, ndani kimekuwa cheusi.

"We! Unakamata kiazi ao unakamata mwizi?" Wote wakacheka. "Uko na nguvu, bon. Sasa fundisha mukono kusikia!"

Nilinuna siku nzima. Hata chakula nilikataa, na yalikuwa maharage mazuri, ya kuungwa. Haya, turudi.

Mwaka huu mjukuu wangu Aline, fundi wa mashine, alikabidhiwa mkono wa roboti kwenye ghala moja la viazi hapa Gisenyi. Kumbe mkono ule huja bila kiganja! Unaufungia kiganja cha kazi yake. Kile cha kunyonya kwa hewa kilibeba makatoni vizuri kabisa, ila viazi vilikishinda, kwa sababu ya udongo na mabonde yake hewa ilivuja. Akafunga vidole vya chuma. Havikuangusha hata kimoja, naye akafurahi. Tajiri mwenye ghala alikuwa amempa mpaka Ijumaa: viazi vitoke vizuri, ama mashine irudishwe na yeye atafute kazi kwingine.

Jumatatu nilimtembelea ghalani, nikamwambia, "Kata viazi vya juzi."

"Babu, si unaona viko vizima?"

"Vikate."

Vyeusi. Aline akacheka, akachukua spana. Siku hiyohiyo alifunga vidole vya mpira laini, akapunguza nguvu ya hewa inayovifumba.

Ijumaa tajiri alikata mwenyewe viazi vya Jumanne, mbele ya wafanyakazi wote. Vyeupe pe! Nikapiga makofi peke yangu. "Huyo ni mjukuu wangu," nikawaambia, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Donc, mwanangu, kabla ya kushika kazi, kijue kwanza kile unachokishika, ndipo uchague namna ya kukishika. Na mtu akikuonyesha kosa, lirekebishe siku hiyo. Mimi kununa kulinichelewesha miaka. Mungu akulinde kazini kwako, akujalie wajukuu watakaokupita, na macho ya kuwaona wakikupita.