Nilibandua Ukuta wa Chumba cha Mama Mkwe

Nimekosa, ndugu yangu. Usinipe pole bado, ngoja kwanza usikie niliingia wapi.

Mimi ni mwanamume mzima, nina mke na watoto, naishi Kitale, na kazi yangu ni kupima mahindi. Mkulima akileta gunia natia mkono, natazama punje zilizooza, napima unyevu, natoa daraja. Hiyo ndiyo kazi. Ugonjwa wangu ni mwingine: nakusanya vitabu vya katuni vya zamani.

Cheka tu, umalize. Ninavyovipenda kuliko vyote ni vya Daktari Ngumi, yule daktari wa koti jeupe anayetibu wagonjwa asubuhi, anapiga wezi jioni, halafu kesho yake anawatibu wezi hao hao. Kila kitabu nakipa alama kwa kumi. Natazama mgongo kama umevunjika, kona kama zimekunjika, pini kama zimeshika kutu. Nanusa. Kisha nakivika plastiki, naweka kadibodi nyuma, nakifungia kwenye sanduku la bati. Toleo langu la kwanza lilikuwa na tisa nukta mbili. Watoto wangu sijawahi kuwabeba kwa uangalifu ule.

Na tabia ikishaingia haitoki. Mke wangu Nekesa akiniletea chapati namwambia, "Saba. Kona imeungua." Amenivumilia sana huyo mwanamke.

Nilikuwa nimebakisha toleo moja tu, la saba. Nimelitafuta mitumba, nimelitafuta kwa watu wa vitabu vikuukuu, wapi. Halafu siku moja Nekesa anachambua mboga za managu, ananitazama nikilalamika, anasema bila hata kuinua kichwa:

"Huyo mtu wa koti nyeupe amebeba mamba kwa bega? Si ako kwa ukuta ya mama."

Nyumba ya kwao, huko upande wa Chwele, ni ya udongo, na mama yake alikuwa amebandika karatasi ukuta mzima wa chumba cha kulala kwa uji mzito. Magazeti, kalenda, na Daktari Ngumi.

Kuanzia hapo nikaanza kupenda ukweni ghafla. Nekesa akashangaa. Mimi ambaye huburutwa kwenda, sasa ndiye nauliza tunaenda lini.

Lazima nikueleze jambo hapa, kama hutoki kwetu. Mimi na mama mkwe hatupeani mkono. Hatukai pamoja. Akipita huku, mimi napita kule, na tukikutana kwa bahati mbaya kila mtu anatazama migomba. Hiyo ni heshima, na imetunza ndoa nyingi. Sasa chumba chake cha kulala ndicho usiseme. Hata kutazama mlango wake sana ni utovu wa adabu.

Tulienda shule zilipofungwa. Ilikuwa siku ya soko, mama akapanda pikipiki na kuku wake kwenda Chwele. Mzee akapeleka ng'ombe kuogeshwa. Nekesa na watoto wakaenda kwa shangazi. Boma likabaki langu peke yangu, na shetani akavuta kiti. Nikajiambia kwamba mila inakataza mama mkwe, haijakataza ukuta.

Nikaingia na sponji yenye maji na kisu cha kupakia mkate bluband.

Alikuwa pale, juu ya kitanda, na mamba wake begani. Nilimpa alama hapo hapo, siwezi kujizuia: tatu nukta tano, moshi mwingi, kona moja imeliwa na mchwa. Nikalowesha, nikangoja, nikavuta polepole. Uji wa yule mama si mchezo. Nikavuta tena, kwa nguvu kidogo.

Karatasi ikatoka. Ikatoka na ukuta.

Bonge la udongo liliniangukia miguuni, ukuta ukatoboka hadi nje, mwanga ukaingia, na kwenye lile tundu nikaona jicho. Kumbe pikipiki ilipata pancha hata kabla ya kufika barabarani, na mama alikuwa amerudi, ameketi kwa kigoda nyuma ya nyumba anafungua kuku miguu. Tukatazamana. Mimi nimesimama juu ya kitanda chake, nimeshika nusu ya Daktari Ngumi.

Nikasema, "Habari ya soko, mama?"

Mpaka leo sijui kwa nini nilisema hivyo.

Alijifunika leso kichwa kizima akakimbilia kwenye mahindi, kuku mbele, yeye nyuma. "Wele wase! Mungu wangu! Mkwe ako kwa ukuta!"

Jioni hiyo nilikalishwa mbele ya baba mkwe na ndugu zake. Mzee alisugua magoti kwanza.

"Kijana, ulikuwa unatafuta nini kwa chumba ya kurara ya mama yako?"

"Katuni, mzee."

"Katuni."

"Ya zamani, mzee. Toleo la saba."

Akawageukia ndugu zake. "Bana, si afadhari angesema ni pesa. Mwizi ya pesa mimi naerewa."

Niliambiwa nilete kondoo na blanketi kwa mama, na nijenge ukuta mwenyewe. Hayo niliyakubali. Kilichonimaliza ni Nekesa.

"Mimi sirudi Kitale," alisema. "Hiyo ukuta ndio ilinifunza kusoma. Mama alikuwa anashika taa, mimi nasoma huyo daktari mpaka nalala. Wewe umeona tu alama."

Nilirudi peke yangu. Nilikula ugali wa kujipikia, mbichi katikati, na sikuwa na mtu wa kumwambia ni mbili. Nilisikia aibu, ndugu yangu, aibu ya kweli. Sanduku la bati lilikuwa pale kabatini na sikuwa na hamu ya kulifungua.

Nilipopeleka kondoo na blanketi, nilivua viatu nikakanyaga udongo. Nilikandika ukuta kwa nje tu. Kwa ndani alikandika shemeji yangu Wafula, kwa sababu mimi chumba kile sikiingii tena hata kwa kukitengeneza. Tulipomaliza, Nekesa akaja akasimama.

"Na karatasi?"

"Nitaleta kalenda mpya."

"Mama anataka daktari."

Nikatoa kitabu nilichokuja nacho, kibovu kuliko vyote vya sandukuni. Akakigeuza.

"Hii umeipa ngapi?"

"Mbili."

"Na ile ya kwanza?"

Nikatazama migomba. Akarudi ndani.

Nilienda Kitale nikarudi nayo kifuani, ile ya tisa nukta mbili. Wafula akaipokea dirishani. Nilisimama nje kwenye udongo mbichi, nikasikia brashi ikichovya kwenye uji.

"Shemeji," akaita, "hizi pini niache ama nitoe?"

"Toa," nikasema, nikakaa chini.

Mzee alinikuta hapo. Alinitazama kama mimi ninavyotazama gunia. "Iko na unyevu," akawaambia ndugu zake. "Rakini haijaoza. Ianikwe." Tangu siku hiyo nikienda ukweni nawekewa kiti uani, juani, na chai naletewa huko huko.

Nekesa alirudi nami Kitale. Nikamuuliza Daktari Ngumi anakaaje pale, maana mimi sitamwona tena maisha yangu yote. Akasema amekaa vizuri, juu ya kitanda, mama anamtazama kila asubuhi. Nikauliza, sasa ni ngapi?

"Kumi," akasema.

Basi wewe unayekusanya vitu, viwe sahani, stampu au saa mbovu, sikia la mwenzio. Ukiona kimoja kimekaa kwa ukuta wa mtu, jua kimeshapata alama yake. Kunywa chai uliyopewa, uende nyumbani.