Mawese Yaliyopoteza Wekundu

Leo mchana jirani yangu ameunguza mafuta ya mawese, na ule moshi mkali umeingia dirishani hadi nikaacha kula.

Moshi kama huo ulijaa jikoni kwetu Kindu, siku treni ya Kongolo ilipochelewa. Baba, mtu wa reli, alikuwa akirudi nayo, na mama alikuwa anamtayarishia sombe, yale majani ya muhogo. Baridi ya mto ilikuwa imegandisha mawese chupani, basi nikayaweka juani yakayeyuka, kama tulivyofanya siku zote. Mama akayamimina kwenye sufuria, juu ya makaa.

Ndipo akaja rafiki ya baba wa kazini. Tulimzoea na nguo zake za grisi. Siku hiyo alikuwa amevaa abakosti, suti ya siku za heshima.

"Mama, kuya inje kidogo," alisema.

Mama akatoka. Mawese yakabaki motoni, yakafuka, na wekundu wake wote ukaisha. Wakati naiepua sufuria, nilisikia mama analia, na majirani wanamwitikia.

Kesho yake, watu wa matanga ya baba wakiwa wamejaa uani, niliyakuta yale mawese yameganda, meupe kama mshumaa. Nikayaweka juani. Yakayeyuka vizuri. Nikayarudisha kivulini yagande, nikayatoa tena, nikingoja wekundu.

Mama alikuwa ananitazama kutoka kwenye mkeka.

"Acha, mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi binti yake. "Ile haitarudia tena."

Nikaiacha sufuria, nikakaa karibu naye, nikamuuliza treni ya baba itafika saa ngapi.