Mapovu ya Tangi la Ruangwa

Yale mapovu niliyatoa mimi. Nalisema mapema, kwa sababu sokoni Nachingwea nimemsikia mtu kwa masikio yangu akisimulia kwamba yalitolewa na fundi wa Dar es Salaam. Fundi huyo Ruangwa hakukanyaga. Alikuwa kwenye simu tu, na simu haichuji maji.

Mjukuu wangu amesomea samaki. Nimemlea mwenyewe kijijini Naipingo tangu hajaota meno, na aliposema anakwenda chuo kusomea samaki, shangazi zake walicheka mpaka wakaweka ungo chini. Kwetu ni korosho, ufuta na mbaazi. Samaki wa baharini tunawapata wakiwa wamekauka, ndani ya gunia, macho hawana. Wakamuuliza, utawavua kwenye mkorosho? Yeye akaenda. Akamaliza, akarudi na cheti, akakaa nacho mwaka mzima akipalilia na mimi, na wale shangazi kila wakipita njiani wanauliza samaki hawajambo.

Ndipo tajiri mmoja wa Ruangwa akajenga nyumba ya wageni, vigae mpaka chooni. Alikuwa ameona mahali huko mjini tangi la kioo lenye samaki hai wa baharini, akalitaka na yeye, pale mapokezi, mtu akiingia na vumbi lake akutane na bahari. Akatafuta mtu wa kulitunza. Katika wilaya zetu hizi mbili mtu huyo alikuwa mmoja. Siku mjukuu wangu alipoitwa kazini nilipita mbele ya nyumba za wale shangazi mara mbili, kwenda na kurudi, na sikuwa na ninachokwenda kufanya.

Miezi miwili haikupita, akanipigia simu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia akanawa uso.

"Bibi, maji yamekuwa meupe. Ni mapovu madogo madogo, hayaishi. Tajiri kasema Jumamosi wanafika wageni wa harusi ya binti yake. Maji yasipokuwa safi siku hiyo, samaki wanarudi baharini na mimi narudi kwako."

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Nakuja kesho."

"Kuja kufanya nini, bibi?"

"Kuyaona."

Sikuwa na zaidi ya hapo la kumwambia. Tangi la samaki sikuwahi kuliona, na shule yangu mimi iliishia darasa la tatu. Nilichokijua ni kimoja: mtoto yule hatarudi Naipingo na begi kichwani huku shangazi zake wakimhesabia hatua.

Jumatano nikafika, vumbi mpaka kwenye kope, na kifurushi cha ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini. Akanipokea mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Hao samaki ndio wanaokula chakula chako?"

Hakucheka. Akanishika mkono, akanipeleka ndani.

Tangi lilikuwa na urefu wa kitanda, limekaa juu ya kabati. Maji yake yalikuwa kama yale ya kuoshea mchele. Mara pua ya rangi ya chungwa inatokea, mara imepotea. Nikasogeza uso mpaka nikagusa kioo. Haukuwa uchafu. Ilikuwa hewa, chembe ndogo kuliko punje ya chumvi, maelfu, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, zinapanda, zinazunguka, zinang'ang'ania kioo, zinang'ang'ania mpaka mapezi ya samaki.

Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mjinga. Akafungua kabati. Kumbe chini kuna tangi la pili. Maji ya juu yanashuka huko kwa bomba, yanapita kwenye chujio, kisha pampu inayavuta na kuyarudisha juu. Yanazunguka hivyo mchana na usiku. Mapovu yanaingia njiani, ila wapi, hajui. Alikuwa amesafisha chujio. Alikuwa amebadilisha maji. Alikuwa amempigia fundi wa Dar aliyelifunga tangi, na fundi kila siku anamwambia subiri, tangi jipya ndivyo lilivyo, yataisha yenyewe.

"Umesubiri muda gani?"

"Wiki ya tatu sasa."

Sasa niseme na langu, maana mtu akisimulia ushindi wake mtupu ni mwongo. Kwetu mwanamke akitoka kisimani na ndoo kichwani huweka tawi la majani juu ya maji. Maji yanatulia, hayaruki, hayamloweshi mtu mgongo. Nilipoyaona yale maji yanavyovurugika kule chini nikajisemea, haya yanataka tawi. Mjukuu wangu alipokwenda kupima chumvi nikatoka uani, nikakata tawi la mkorosho, nikalisuuza, nikalilaza kwenye tangi la chini. Nikakaa, nimeridhika kabisa.

Aliyeliona kwanza ni tajiri. Mtu mnene, mpole wa sauti, lakini sauti ile ile ya upole ndiyo anayokufukuzia kazi.

"Mama, hapa ni mapokezi au ni shamba? Au mnanipikia mboga humo ndani?"

Mjukuu wangu akaja mbio. Akalitoa lile tawi likidondosha maji mpaka mlangoni.

"Bibi, majani yanaoza kwenye maji ya chumvi. Unataka kuniulia samaki?"

"Nilitaka yatulie."

"Basi tulia wewe kwanza."

Mtoto hajawahi kunijibu hivyo. Na alikuwa sawa. Tajiri akatuangalia wote wawili, akasema, "Jumamosi," akaenda zake. Mapovu hayakupungua hata moja.

Alhamisi asubuhi nikatandika kanga sakafuni mbele ya kabati, nikakaa kwa makalio yangu, nikafungua milango yote miwili. Sikugusa kitu. Kosa langu la jana lilikuwa kuleta dawa kabla ya kumwangalia mgonjwa. Wageni wakiingia wananiamkia, naitikia bila kugeuza kichwa.

Baada ya muda nikaacha kuangalia, nikaanza kusikiliza. Lile bomba la kushushia maji lilikuwa linakojoa. Sina neno lingine. Mdomo wake ulikuwa juu ya maji, kama shibiri moja, na maji yanadondoka kutoka hapo kama ng'ombe anakojoa kwenye dimbwi, na kila yanapopiga yanazama na hewa yake.

Nikamwita.

"Mke mwenzangu, bombani kwetu pale Naipingo, ukikinga ndoo maji yakatoa povu, tunafanyaje?"

Akafikiri. "Mnafunga kitambaa kwenye mdomo wa bomba."

"Kwa nini?"

"Maji yateremke na kitambaa. Yasidondoke."

Akasimama pale, mkono mdomoni. Kisha akaondoka bila kuniaga, akarudi na kitambaa cheupe kipya. Akataka kukifua, nikamwambia kwa maji matupu, sabuni na povu ni ndugu wa tumbo moja. Akasema hilo analijua, chuoni walifundishwa. Tukakifunga mdomoni mwa bomba, ncha yake ikazama kwenye maji. Ule mkojo ukanyamaza. Maji yakawa yanateleza na kitambaa kimyakimya kama mafuta. Naye akaongeza maji kwenye tangi la chini, ili pampu inywe kwa kina, isinywe kwenye povu la juu. Hilo lilikuwa lake, mimi nisingelijua.

Kufika adhuhuri tulikuwa tunawaona samaki mpaka mkia. Niliwahesabu, saba. Mmoja mweusi mwenye mistari myeupe alikuja kwenye kioo akaniangalia kama ananidai.

Mjukuu wangu akataka kushangilia. Nikamzuia. Bado palikuwa na ukungu, mapovu mengine madogo zaidi, kama unga unaobaki hewani mtu akipepeta. Yale hayakutoka kwenye mdondoko. Yalikuwa yanatokea juu, pale maji yanaporudi kutoka kwenye pampu, yanatemwa moja kwa moja.

Ijumaa tuliamka na hilo. Nikamuuliza, fundi baiskeli akitafuta tundu kwenye tyubu anafanyaje? Akasema anaizamisha kwenye karai la maji, anaangalia hewa inatokea wapi. Nikamwambia, hapa ni hivyo hivyo, ila kinyume. Hewa haitoki, inaingia. Pampu inavuta maji kwa nguvu, na mahali fulani panapoungwa bomba pana ufa, inavuta na hewa. Sasa tukipaziba hapo kwa maji, itavuta maji badala ya hewa, na mapovu yatakatika.

Akanigeukia.

"Bibi, haya umeyatoa wapi?"

"Baiskeli ya babu yako. Tyubu ile ilikuwa na viraka vingi kuliko mpira."

Kumwaga maji karibu na umeme akakataa. Basi tukachukua kitambaa kingine, nikakiloweka, nikakikamua kidogo. Mimi chini, nakizungushia kiungo kimoja kimoja na kukibana kwa mkono. Yeye juu, macho kwenye kioo.

"Sasa?"

"Bado."

Nikahamia kingine.

"Sasa?"

"Bado, bibi."

Viungo vilikuwa vingi kuliko vya mwili wangu, na magoti yalishaanza kunisema. Cha tano bado. Cha sita bado. Cha saba kilikuwa kile kinachoingia kwenye pampu, nyuma kabisa, ilibidi nilale kifudifudi mbele ya wageni, bibi mzima, miguu nje ya kabati. Nikabana.

Nikangojea ile "bado" yake.

"We, umelala?"

"Bibi, usiachie."

"Kuna nini?"

"Yamekatika. Achia kidogo." Nikaachia. "Yamerudi. Bana." Nikabana. "Yamekatika tena. Bibi, ni hapo. Ni hapo hapo."

Alizima pampu, akakifungua kile kiungo mwenyewe. Ndani kulikuwa na mpira wa duara, na mpira ulikuwa umejikunja upande mmoja. Yule aliyelifunga tangi aliukaza ukiwa umepinda, akaenda zake Dar kusema yataisha yenyewe. Mjukuu wangu akaweka mpira mpya, akaukalisha kwa kidole kama anamvisha mtoto pete, akakaza kwa mkono, akawasha. Tukakaa sakafuni tukiangalia, tunakula ming'oko iliyobaki. Mapovu ya zamani yalipanda moja moja, yakapasuka. Mapya hayakuja.

Jumamosi tajiri aliingia kabla ya wageni wake, kanzu mpya, simu mkononi. Akasimama mbele ya tangi. Uso ukabadilika.

"Mmeyatoa maji?"

Nilitaka nilionje hilo polepole. Tajiri akakunja mkono wa kanzu, akazamisha kidole kwa juu. Kikatoka kimelowa. Akakilamba. Akatema.

"Yapo," nikamwambia.

Akampigia fundi wa Dar papo hapo, sauti nje. Fundi akasema, si niliwaambia, bosi, yataisha yenyewe. Nikanyoosha mkono, tajiri akanipa simu sijui kwa nini.

"Mwanangu, hujambo. Hayajaisha yenyewe. Uliukunja mpira kwenye kiungo cha pampu, na bomba lako ulilikata fupi. Mjukuu wangu kaurekebisha upumbavu wako kwa kitambaa na mpira mmoja. Siku nyingine usimwambie msomi asubiri."

Nikamrudishia mwenyewe simu yake. Alikuwa anajizuia kucheka.

Wageni wa harusi walipoingia, vumbi lao na vilemba vyao, hawakufika hata kwenye meza ya kuandikisha. Walijipanga kwenye kioo, wazee kwa watoto, na mjukuu wangu amesimama pembeni anawaeleza, huyu anakula nini, yule analala wapi, kwa nini usigonge kioo. Mwanamke mmoja wa Ruponda akaniuliza huyu binti ni nani. Nikamwambia ni wangu. Hakuuliza tena, lakini nilimweleza yote, mpaka chakula kilipotoka.

Jumapili nilifunga kanga zangu niondoke. Tajiri alikuja kunisindikiza mpaka kwenye gari, na pale pale akamgeukia mjukuu wangu.

"Nataka kuongeza samaki wengine. Waje lini? Wiki hii?"

"Wiki hii hapana. Maji yakae kwanza, niyapime chumvi. Nitakuambia mimi."

Yule tajiri, mwenye nyumba, mwenye vigae, akaitikia kwa kichwa.

"Sawa, nasubiri," akasema.

Nikapanda gari, nikakaa dirishani.