Kibali cha Siku Moja

Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwahi kusubiri kibali cha kujenga vyumba viwili. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya vibali mjini Moroni, miaka ile mamluki wa kizungu walipoishika nchi kwa bunduki. Mtu wa Itsandra au Ikoni alileta ramani yake akiwa ameshafyatua matofali. Mpaka apate jibu, matofali yalikuwa yameota ukungu. Lakini faili la afisa wa kizungu likiingia asubuhi, mchana lilikuwa limeshapigwa muhuri. Mkuu wetu alilibeba mwenyewe, kwa mikono miwili, kama sinia la pilau.

Kilichochelewesha mafaili ya wanyonge nilikijua. Kabla ya muhuri, faili lilirudishwa mtaani, mkuu wa mtaa akae na akina mama wa ukoo awaulize: nyumba hii ni ya nani? Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti, kaka humjengea dada, mume huingia na sanduku lake, na ndoa ikivunjika hutoka nalo. Fomu tuliyoachiwa na Wafaransa ilikuwa na mstari mmoja tu, wa jina la mwombaji, na aliyekuja ofisini siku zote alikuwa mwanamume. Lile swali la mtaani ndilo lililoirekebisha fomu. Mimi, msomi, niliona ni porojo za kupotezeana wakati.

Siku moja akaja shemeji yangu kutoka kwetu Mutsamudu, kisiwa cha pili, mume wa dada yangu wa pekee. Kiwanja kilikuwa cha mama yetu, sementi niliituma mimi, kama inavyompasa kaka. Dada alikuwa na mimba ya pili, bado wamebanana chumba kimoja kwa mama.

"Shemeji, mvua zinakuja," akaniambia. "Sementi itaganda mifukoni. Hutusaidii?"

"Kaa hapo," nikamjibu. "Leo utaona kazi."

Kwenye mstari nikaandika jina lake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele yangu. Penye taarifa ya mtaa nikaandika kwamba akina mama wameulizwa na wameridhika. Mkuu akatia sahihi bila kuinua macho. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nampitisha shemeji katika vichochoro vya Badjanani, kibali mkononi mwake, nasalimia watu kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Nilijiona nimewaweza wazungu na mkuu wangu kwa pamoja. Dada aliniletea barua: kaka, umeniheshimisha.

Nyumba ilijengwa. Watoto wakafika watatu. Kisha shemeji akamwacha dada, na hakutoka na sanduku. Alitoa kile kibali. Aliyetoka ni dada, mchana kweupe, mtoto mmoja mgongoni na wawili mkononi, majirani wakisimama milangoni kutazama jambo ambalo macho yao hayakuwahi kuliona. Mama akampeleka shemeji kwa kadhi, nami nikaitwa Mutsamudu kutoa ushahidi.

Kadhi alinisogezea karatasi. "Maandishi haya ni yako?"

"Ni yangu, Sheikh."

"Umeandika hapa kwamba akina mama waliulizwa. Waliulizwa?"

Nyuma yangu mama na dada walikuwa wamekaa, wamejifunika shiromani zao. Neno moja tu, hapana, na kile kibali kingekuwa karatasi ya kufungia karanga. Nilijiambia naogopa kambi ya askari, maana karani mwenzangu alipelekwa huko kwa kosa dogo kuliko langu, akarudi hazungumzi na mtu. Kweli, niliogopa. Lakini nikisema ni hofu peke yake nitakuwa nadanganya mara ya pili. Nilikuwa nimeahidiwa kupandishwa cheo mwezi ule, na nilikitaka.

"Waliulizwa," nikasema.

Nilimsikia mama akisema astaghfirullah, taratibu. Nyumba ikabaki kwa shemeji, akaingiza mke mwingine, na mimi nikarudi Moroni kabla hawajanialika chakula, kwa sababu nilijua wangenialika.

Cheo nilikipata. Vibali vya nyumba ndogo vikatoka upesi mikononi mwangu, watu wakanisifu sokoni, nami kila nikisifiwa nilitazama chini, wakadhani ni unyenyekevu. Ninaona haya kwa sifa zile mpaka leo. Haya hazikunifanya nimwandikie dada hata mstari mmoja.

Mamluki walikuwa wameshaondoka zamani na mama ameshazikwa, mke wangu wa Moroni aliponichoka. Nyumba ilikuwa yake. Nilitoka na sanduku langu kama inavyompasa mwanamume, nikapanda boti mpaka Mutsamudu, nikapiga hodi kwenye mlango wa mama. Dada akafungua. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Watoto walishaondoka, alikuwa peke yake katika kile chumba kimoja na jiko lake.

Alilitazama sanduku kwanza, kisha mimi. "Umekula, kaka?"

Aliinama, akakunja godoro lake, akalibeba mpaka jikoni, akalitandika kando ya mafiga.

"Chumba chukua wewe," akasema.

Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Nikaingia.